Shovel Knight kwa Anayeipenda Nusunusu: Namna ya Kuimaliza Bila Kupasua Pedi

Shovel Knight ni gemu ninayoiheshimu zaidi ya ninavyoipenda, na haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu atakayejikuta palepale nilipo. Kama unaipenda bila kinyongo, huna haja nami. Kama uliicheza nusu saa ukaifuta, wala sikulaumu. Ninayemkusudia ni yule aliyekwama katikati, mikono inataka kuendelea huku moyo unauliza ya nini.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya kurukaruka iliyotoka Juni 2014, kazi ya Yacht Club Games, studio ndogo ya Marekani. Mwaka 2013 walipitisha bakuli Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela, wakiomba dola 75,000, watu wakawapa zaidi ya 311,000. Unamwendesha askari mfupi wa rangi ya samawati, kofia ina pembe mbili, na silaha yake ni chepe. Upanga hana. Ana chepe, lilelile la mafundi wanaochanganya zege, na kwa chepe hilo anachimba, anapiga, na akiwa hewani analielekeza chini na kudunda juu ya vichwa vya maadui. Picha zote zimechorwa kwa pikseli kubwakubwa, kwa mtindo wa gemu za kanda za miaka ya themanini.

Mimi nina steshenari Ipagala, hapa Dodoma. Laptopu inayochapa barua za maombi ya kazi na kupanga picha za pasipoti ndiyo hiyohiyo ninayochezea. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa mtu mwenye mashine ya kizamani, vumbi la kutosha, na wateja wanaoingia katikati ya pambano na bosi, yule adui mkuu wa mwisho wa steji, wakisema, "Dada, nitolee kopi ya kitambulisho, mbele na nyuma."

Kuipata na kuiweka sawa

Usiinunue kwa bei kamili. Steam, duka la gemu la mtandaoni, hushusha bei mwishoni mwa Juni na tena mwishoni mwa Desemba, na gemu ya umri huu huwa haikosi. Kuna kifurushi kinachoitwa Treasure Trove chenye visa vyote vinne, na kuna kisa cha kwanza peke yake, Shovel of Hope. Soma vizuri kabla ya kulipa, maana picha zake zinafanana. Kama bado hujui utakaa upande gani, nunua kisa cha kwanza tu. Kulipa ni kwa kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye simu. Weka hela inayozidi kidogo bei unayoiona, kwa sababu ya makato na ubadilishaji wa dola. Ukishapakua unaweza kucheza bila bando kabisa.

Mashine isikutie hofu. Gemu ni nyepesi, laptopu inayofungua Word bila kulalamika itaiendesha. Cha kuhangaikia ni vitufe. Kibodi nyingi za laptopu za bei ya chini hazipokei vitufe vitatu kwa wakati mmoja kila mara, na gemu hii itakudai mshale, kuruka na kupiga kwa pamoja. Utabonyeza, askari hatasikia, utakufa, na utamlaumu mtengenezaji bure. Nunua pedi ya waya ya USB, kile kidude cha vitufe cha kushika mikononi, hata iliyotumika. Ijaribu palepale dukani: bonyeza chini mara nyingi harakaharaka, kwa kuwa kitufe cha chini ndicho kitakachofanya kazi kuliko vyote.

Kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, vumbi la huku linaingia hata kwenye droo iliyofungwa. Pedi iliyoachwa mezani inaanza kukwama vitufe. Yangu inakaa ndani ya mfuko wa kitambaa, na kibodi naifunika taulo. Hilo gemu haikufundishi, lakini nusu ya hasira za watu wanaocheza huku kwetu chanzo chake ni kitufe kilichoshika mchanga.

Kumbukumbu iache mlangoni

Hapa ndipo kinyongo changu kilipo, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Gemu hii husifiwa kwamba "inakurudisha utotoni". Inamrudisha nani? Waliokulia Marekani au Japani walikuwa na mashine halisi ya Nintendo, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983, pamoja na kanda zenye boksi na kitabu cha maelekezo. Mimi nimekulia Mpwapwa, na tulichokuwa nacho ni mashine za kuiga, zinakuja na kanda iliyoandikwa 9999 kwa pamoja. Ukizipitia unakuta gemu chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti, moja inaanzia steji ya kwanza, nyingine ni ileile inaanzia ya tano. Mashine yenyewe ilikuwa ya jirani, tunalipa kwa zamu. Maisha matatu, yakiisha unampa mwenzako pedi. Hakuna kuhifadhi ulipofika. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika, kila kitu kimekwenda.

Sasa waliotengeneza Shovel Knight wamefanya uchaguzi wa makusudi kabisa. Mashine ya zamani ilikuwa na rangi 54 za kutumia. Wao wamezifuata karibu zote, kisha wakachomekea chache za ziada pale zilipowabana. Kioo cha zamani kilikuwa karibu mraba. Chao ni kipana kama cha runinga za leo. Mashine ile haikuweza kuchora zaidi ya vipande vinane vinavyotembea kwenye mstari mmoja wa kioo, ndiyo maana maadui wakijaa walikuwa wanapepesa, mara wapo mara hawapo. Sisi tulidhani kanda imeingia vumbi, tunaichomoa na kuipuliza. Katika Shovel Knight hakuna kupepesa. Maisha matatu hayapo. Ulipofika panahifadhiwa. Yaani wamechukua utamu wa zamani, shida zake wakaziacha hukohuko.

Kwa akili ninakubali, ni ufundi mkubwa. Lakini roho inakataa kuitwa "nyumbani" na nyumba safi namna hiyo, maana ninayoikumbuka mimi ilikuwa na shida ndani yake, na shida ile ndiyo ilitufanya tukae kumi kwenye mkeka mmoja tukishangilia mtu mmoja. Hapa unakaa peke yako.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kweli katika mwongozo huu ni hii: ukifungua gemu, usisubiri ikukumbushe kitu. Ichukulie kama kazi mpya ya mikono iliyotoka 2014. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha pili, hajawahi kushika kanda maishani mwake, na ameielewa haraka kuliko mimi. Mimi kila nikiona kitu nilikuwa natafuta kinafanana na nini cha zamani. Yeye alikuwa anacheza tu.

Kudunda

Hili lijue kwa vidole kabla ya kitu kingine. Ruka, kisha bonyeza chini ukiwa hewani. Askari ataelekeza chepe ardhini na kubaki hivyo. Huna haja ya kung'ang'ania kitufe. Akigusa kichwa cha adui, au tofali linalovunjika, anadunda juu tena. Ukibonyeza kupiga katikati ya kudunda, unaharibu mkao, na inakubidi ubonyeze chini upya. Wengi hufia hapo: wanadunda vizuri mara mbili, mkono unawasha, wanapiga, wanatumbukia.

Steji ya kwanza, Plains, haina maelezo marefu ya kusoma. Inakuwekea kitu njiani ambacho hupiti mpaka ugundue mwenyewe. Kaa humo. Usikimbilie bosi. Tafuta mende mmoja na umdundie mpaka ujue kimo chake, kisha jaribu kudunda kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kugusa chini. Mbinu yenyewe si mpya, gemu ya DuckTales ya Capcom ya 1989 ilikuwa na mzee bata anayedunda kwa mkongojo, lakini sijaona iliposhikwa vizuri namna hii. Mkono ukishaizoea, unatembea hewani. Kwa kitu hiki kimoja, nasahau kinyongo chote kwa dakika kadhaa.

Kinachokirudisha ni kile kisukumo cha nyuma. Ukiguswa na adui, askari anarushwa hatua kadhaa kinyumenyume, na waliopanga steji wanajua kabisa kwamba nyuma yako kuna shimo. Damu, yaani uhai, unayo tele, lakini unakufa kwa kusukumwa. Ni ukatili wa zamani ambao huu wameamua kutouacha, na mimi ningeuacha. Dawa yake ni kuacha kumrukia adui aliye ukingoni. Simama, mwache aje, mpige ukiwa chini. Kama analeta kiburi, rudi nyuma mpaka atoke ukingoni. Gemu hii haina saa inayokuhesabia.

Ramani, na pa kuanzia

Baada ya Plains unafunguliwa ramani, na steji zinakuja kwa makundi. Kundi la kwanza ni mbili: Pridemoor Keep ya King Knight, na Lich Yard ya Specter Knight. Wengi huanzia ile ya mfalme kwa kuwa ni nyepesi, na ndani yake kuna fimbo ya moto, Flare Wand. Mimi nasema anza nayo, lakini usiingie kwenye ya pili na hela zote mfukoni. Pita kwanza kijijini, palipo na wauzaji, ukazitumie. Lich Yard kuna mahali kunakuwa giza totoro na unaona njia pale radi inapopiga tu. Ukiwa na papara umekwisha. Subiri radi, kariri vijukwaa, nenda. Humohumo kuna Phase Locket, kidani kinachokufanya usiguswe na adui kwa muda mfupi sana.

Kidani hicho kinazua ubishi nyumbani kwetu. Ukikinunua mapema na ukajua kukibonyeza kwa wakati, mabosi wengi wanakuwa mteremko: anakuja na pigo lake kubwa, unapotea, pigo linapita, unarudi na chepe. Mimi nakitumia bila aibu, maana duka linafunguliwa asubuhi na mapema. Mtoto wa kaka anasema ni wizi. Chagua upande wako. Ni shimo tu ambalo hakikuokoi nalo.

Vifaa hivi vya ziada anauza jamaa anayeitwa Chester, anakaa ndani ya sanduku, amejificha kwenye steji. Ukimkosa huko utamkuta kijijini, na bei yake kule haina huruma. Kwa hiyo ukiona ukuta unaotofautiana kidogo na wenzake, au vumbi linalometa, upige chepe.

Kundi la pili lina steji tatu, za Mole Knight, Plague Knight na Treasure Knight. Sina mengi ya kusema hapo, utazipita kwa mpangilio wowote. Ya Treasure Knight iko majini, miruko inakuwa mirefu na ya polepole, na kwangu ndiyo sehemu ya kupumzika katika gemu nzima.

Kundi la tatu ndilo lililotaka kunivunjia pedi.

Upepo

Propeller Knight anaishi kwenye chombo kinachoruka, Flying Machine, na steji yake nzima ina upepo. Unaruka, upepo unakusukuma mbele, unapita kijukwaa. Unaruka tena ukiwa umekadiria, upepo unageuka, unarudi nyuma ulikotoka, ambako hakuna kitu. Nimeishi Dodoma maisha yangu yote ya utu uzima, upepo wa Agosti ninaujua, unabeba mabati. Huu wa Flying Machine ulinishinda.

Fanya hivi. Kwanza, tazama kabla ya kuruka: gemu inakuonyesha upepo unakoelekea, na una mapumziko yake. Ruka katika mapumziko, au mwanzoni mwa upepo unaokwenda unakotaka, kamwe usiruke mwishoni mwake. Pili, ukiwa hewani usiuache kabisa mshale wa upande unaopingana na upepo, wala usiung'ang'anie. Uguseguse, ushike na kuachia. Tatu, na hili ndilo kubwa, tafuta Propeller Dagger, iko humuhumu ndani. Ni kisu kinachokurusha mbele hewani kwa mstari ulionyooka, na kinavuka mapengo ambayo miguu isingeyavuka.

Ndiyo maana nashauri, kinyume na wengi, uanze kundi la tatu na steji hii ngumu. Utateseka, lakini utatoka na kisu ambacho kitakurahisishia Clockwork Tower yenye mitambo inayozunguka na meli ya Polar Knight iliyokwama kwenye barafu. Ukiiacha Flying Machine mwisho, kisu utakipata wakati huna tena pa kukitumia sana, isipokuwa mnara wa mwisho.

Kwenye barafu ya Polar Knight usivae deraya inayoitwa Mail of Momentum. Inakuzuia kusukumwa nyuma, ndiyo, na kwa mtu mwenye kinyongo kama changu inavutia, ila ukiivaa miguu inachelewa kusimama. Barafu juu ya hilo ni kujitafutia.

Hela, taa, na tamaa

Hakuna maisha ya kuhesabu. Ukifa, unapoteza sehemu ya hela zako. Zinageuka mifuko mitatu yenye mabawa, inaelea karibu na ulipofia. Ukirudi na kuifikia, ni yako tena. Ukifa kabla hujaifikia, imekwenda.

Tatizo ni kwamba mahali ulipofia mara nyingi ni juu ya shimo, na mifuko iko palepale inakupungia. Ushauri wangu ni mfupi: ikiwa juu ya shimo, iache. Hela katika gemu hii zinapatikana. Nimeona watu, na najua tabia hii kwa kuwa nakaa na wacheza bahati nasibu wanaokuja kuchapa mikeka yao dukani, wakirudi shimoni mara kwa mara kuokoa mifuko ambayo thamani yake imeshapungua kila waliporudi.

Kisha kuna taa. Katikati ya kila steji zimewekwa taa za kioo. Ukiigusa moja, ukifa unaanzia hapo. Lakini pia unaweza kuipasua kwa chepe na kuchukua hela zilizomo, halafu ukifa unarudi taa iliyotangulia, au mwanzo kabisa. Hii nadhani ndiyo akili kubwa kuliko zote katika gemu hii. Ugumu wa zamani ulikuwa unalazimishwa. Huu unauchagua mwenyewe, na unauziwa. Mzunguko wa kwanza usipasue hata moja. Ukirudi steji ambayo umeshaijua, pasua zote, utaona moyo unavyodunda kwenye robo ya mwisho. Hapo kidogo, kwa dakika chache, nilipata ile hali ya Mpwapwa ya maisha moja yaliyobaki na watu wanapumua nyuma ya shingo.

Kuhusu matumizi: kijijini nunua kwanza tiketi za chakula kwa mbuzi anayeziuza, umpelekee mpishi, akuongezee damu. Hilo litangulie kila kitu. Baadaye, ukifika kituo cha deraya, Final Guard inapunguza hela unazopoteza ukifa, inafaa anayeanza. Maboresho ya chepe yanaweza kusubiri. Na kuna deraya ya dhahabu, Ornate Plate, bei yake ni kubwa na haikusaidii lolote vitani, inametameta tu. Mtoto wa kaka alidunduliza mpaka akainunua.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Shangazi, si unaona inavyong'aa?"

Nikamwambia aiuze. Haiuziki. Amecheza nayo mpaka mwisho, na sijamsikia akijuta.

Hadithi, na kitu kimoja cha kubadilisha

Shovel Knight alikuwa na mwenzake, Shield Knight, mwanamke shujaa mwenye ngao. Walisafiri pamoja, wakapata ajali kwenye mnara, akampoteza. Gemu nzima anamtafuta. Nilipoisoma mwanzoni nikaguna, mwanamke wa kuokolewa tena. Lakini inapofika mwisho mambo hayaendi hivyo kabisa, na sisemi zaidi.

Usiruke ndoto. Ukimaliza kundi la steji askari anapiga kambi, anawasha moto, analala, na unacheza ndani ya ndoto yake: unapigana na maadui, halafu Shield Knight anaanguka kutoka juu na inabidi ukimbie umdake. Ukimkosa, anaamka tu, hakuna adhabu. Ni sehemu fupi, haina bosi, haina hazina ya maana. Kwangu ndiyo iliyobeba hadithi yote, kuliko maneno ya wanakijiji, ambao wamejaa utani wa Kiingereza unaochosha. Wapite, isipokuwa wanaouza.

Tangu 2017 unaweza, unapofungua mchezo mpya, kuchagua kama wahusika wakuu na mabosi ni wanawake au wanaume, kila mmoja kivyake. Mzunguko wangu wa pili nilimfanya Shovel Knight mwanamke na Shield Knight nikamwacha alivyo. Marafiki wawili, mmoja anamtafuta mwenzake. Steji ni zilezile, ila hadithi ilinishika zaidi. Kama na wewe uliguna, anza hivyo tangu mara ya kwanza.

Muziki

Vaa spika za masikioni. Mchana dukani nacheza kimya na gemu inakuwa nusu. Jake Kaufman aliutunga kwa sauti za chipu ya VRC6, ambayo Konami waliiweka ndani ya baadhi ya kanda zao za Japani ili kuongeza sauti ambazo mashine yenyewe haikuwa nazo. Nyimbo mbili ni za Manami Matsumae, aliyetunga muziki wa Mega Man ya kwanza mwaka 1987. Katika gemu nzima, muziki ndio ninaoupenda bila "lakini".

Mnara wa mwisho, na lini uache

Kwenye Tower of Fate utapigana tena na mabosi wote wanane, mmoja baada ya mwingine. Kati yao unapewa chakula. Ingia ukiwa umepumzika, na uwe na nafasi ya kumaliza. Mimi nilijaribu wakati wa Bunge la bajeti, duka limejaa watu wa kuchapa nyaraka, nikawa nasitisha kila bosi wa pili. Ukisitisha sana vidole vinasahau. Subiri jioni, funga mlango.

Na kama kabla ya hapo umeona unaicheza kwa hasira tu, acha. Kipimo changu ni hiki: ukifa, je, unajua kosa lako? Ukilijua, endelea. Ukiona umekufa steji ileile jioni nzima na kila mara unalaumu kitu tofauti, funga mashine. Ukirudi baada ya siku kadhaa, rudia kwanza steji rahisi ya zamani ili vidole vikumbuke kudunda, ndipo uende pale ulipokwama.

Visa vilivyobaki

Kama ulinunua kifurushi, una vingine vitatu. Plague of Shadows, ya 2015, unamwendesha mrusha mabomu katika steji nyingi zilezile. Uendeshaji wake ni mzito mpaka uuzoee, na mimi sikuuzoea. Unaweza kuiacha bila dhambi.

Specter of Torment, ya 2017, usiiache kabisa. Askari wa kivuli anapanda kuta na kukata hewani kwa mshazari. Akiwa juu ya adui anakata kushuka, akiwa chini anakata kupanda. Steji zimepangwa upya, ni fupi, na hadithi inatangulia ya kwanza. Kama kuna sehemu moja ya mradi huu wote ambapo kinyongo changu kinanyamaza, ni hapa, labda kwa sababu haijaribu kunikumbusha chochote.

King of Cards, ya Desemba 2019, ina steji nyingi fupifupi na mchezo wa kadi unaoitwa Joustus uliochomekwa katikati. Kadi zinasukumana ubaoni, unashindana na wanakijiji. Unaweza kuziruka kwa sehemu kubwa, nami nimeziruka. Mtoto wa kaka yeye amezama humo, steji ndiyo anaziona usumbufu. Kwa hiyo ukishiriki mashine na mtu, jambo la mwisho: mfungulie nafasi yake ya kuhifadhi mchezo tangu siku ya kwanza, kila mmoja aandike jina lake, na mkubaliane nani anaruhusiwa kugusa ya nani.